Leo Apenda, Kesho Akataa

Katika mji wetu wa Kindu jina la kasuku si geni. Komini moja kati ya zile tatu za mji yaitwa Kasuku. Ya pili ni Mikelenge, na ya tatu, iliyo ng'ambo ya mto Lualaba, ni Alunguli. Hata hivyo watu wengi hujua mambo mawili tu juu ya ndege huyu: kwamba asema kama mtu, na kwamba mkia wake ni mwekundu. Jambo la tatu hulijua yule aliyekaa naye nyumbani: kasuku huchagua chakula kuliko mgonjwa. Leo apenda papai hata kupiga kelele akiliona sahani. Kesho alitazama lile lile papai kana kwamba umempa jiwe. Wiki hii anataka mahindi, wiki ijayo ayatupa chini moja moja, akikutazama usoni.

Watu wa pwani wana mithali: mchagua nazi hupata koroma. Mtu anayechagua mno mwisho wake hupata kibaya. Mithali hiyo ni kweli kwa watu. Kwa kasuku yatupasa kufikiri zaidi, maana mimi nimekaa na mmoja mwaka wa nne sasa, na katika muda huo nimejifunza kwamba uchaguzi wake una sababu, na kwamba mwenye kuzijua sababu hizo aweza kumlisha vizuri bila kushindwa naye na bila kumtesa.

Ndege wetu anaitwa Karani, kwa sababu ya koti yake ya kijivu na jinsi anavyotembea polepole juu ya kijiti kama mtu wa ofisini. Si mimi niliyemtafuta. Mama mkubwa wangu, dada wa kwanza wa mama yangu, alimfuga zaidi ya miaka 20. Alipozeeka alikwenda kukaa kwa mwanawe huko Alunguli, na katika nyumba ile mna paka wawili. Basi siku ya kuhama aliweka tundu mlangoni petu akasema, «Mwanangu, huyu nakuachia wewe. Usiniulize atakula nini. Atakuambia mwenyewe.»

Wengine waliniuliza kwa nini nisimfungulie aende zake msituni. Nikawajibu kwamba Karani alichukuliwa angali kinda. Hakuonyeshwa na wazazi wake miti yenye matunda, wala mahali pa kunywa maji, wala namna ya kumkimbia mwewe. Ndege wa namna hiyo akiachwa peke yake porini hufa. Zaidi ya hayo, kasuku aweza kuishi miaka 40, na wengine hufika 60. Kwa hiyo nilijua kwamba nimepokea kazi ya miaka mingi.

Kwa Mama, Karani alikula vitu vitatu: karanga za kukaanga, wali, na mkate uliochovywa katika chai ya sukari. Kwetu alianza kwa kuukataa wali. Siku ya tano akaukataa na mkate. Wiki mbili akala karanga peke yake, na katika wiki ya tatu akaziacha hata karanga. Akakaa pembeni mwa tundu, kimya, yeye aliyezoea kuita majina ya watoto wa Mama tangu alfajiri. Tulimpa ndizi, akageuza kichwa. Tulimpa boga, akalishika kwa mguu, akalinusa kwa mdomo, akaliangusha. Mke wangu akasema, «Huyu anaomboleza.» Naamini alisema kweli. Kasuku ni ndege wa kundi. Porini hulala mamia kwa mamia katika miti mamoja, huruka pamoja, hula pamoja. Karani alikuwa amempoteza mtu aliyekuwa kundi lake lote.

Hapo nilimpigia simu daktari mmoja wa nyama. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: «Umempima?» Nikastaajabu. Akanieleza kwamba manyoya ya ndege huficha mwili. Kwa macho utamwona mnene, kumbe ndani amebaki mifupa. Mizani tu ndiyo husema kweli. Jirani yetu mwenye duka ana mizani ndogo ya betri. Tukamtia Karani katika kikapu, tukapima, tukatoa uzito wa kikapu. Siku alipofika kwetu jirani yule alikuwa amempima kwa mchezo tu, akapata gramu 440. Sasa zilikuwa gramu 408. Daktari akasema, «Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani akishuka chini ya gramu 396, hapo si kuchagua tena, ni hatari ya kufa. Mpime kila asubuhi kabla hajala, andika. Wala usimfungie chakula ili njaa imlazimishe. Mtoto wa watu aweza kushinda siku moja na njaa. Ndege hana akiba hiyo.»

Neno hilo lilifika kwa wakati wake, maana nyumbani palikuwa na manung'uniko. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 11, aliniuliza mbele ya wote: «Baba, siku nikikataa sombe mama ananiambia nitalala njaa. Kwa nini ndege haambiwi vile?» Swali hili ni la haki, wasomaji, na yafaa lijibiwe. Katika nyumba nyingi za kwetu watoto hawachagui. Mimi mwenyewe katika seminari nilikula maharagi siku sita za juma, na siku ya saba tulishukuru kwa kuwa maharagi yalikuwa na samaki. Mtu akimnunulia ndege tofaa la mbali na watoto wake wanatazama, neno hilo halifai.

Basi nikamjibu hivi. Kwanza: wewe ukikataa sombe waweza kusema kwa nini, ndege hawezi, kwa hiyo ni juu yetu kutafuta. Pili: tangu leo hakuna kitu kitakachonunuliwa kwa ajili ya Karani. Atakula yale yanayotoka katika chungu chetu kabla ya chumvi kutiwa, na katika kiwanja chetu, na masazo ya sokoni. Kijiko kimoja cha wali, kipande cha boga, mbegu za papai ambazo sisi tunazitupa. Ndege wa gramu 400 hali sehemu ya mtoto. Binti akakubali, tena akapewa yeye kazi ya kutenga fungu la Karani. Tangu siku ile hakulalamika, maana mtu hachukii anachokitunza mwenyewe.

Sasa nieleze sababu za uchaguzi wake, kama nilivyofundishwa na kama nilivyoona.

Sababu ya kwanza ni msitu wenyewe. Kasuku wa porini hashindi juu ya mti mmoja. Hula nyama ya nje ya ngazi, yaani matunda ya mti wa mawese, ambayo huyapenda sana. Hula mbegu, matunda ya namna nyingi, maua, machipukizi, hata maganda ya miti. Huuma hapa, hutupa pale, huruka kwenda mti mwingine. Tena makundi hushuka mahali palipo wazi msituni, penye maji, wakala majani na udongo. Miti haizai yote kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo chakula chake hubadilika majira kwa majira. Ndege aliyeumbwa hivyo, ukimweka mbele ya bakuli moja lenye kitu kile kile mwaka mzima, moyo wake utachoka. Anapolitupa papai aliloshangilia jana, afanya kama mababu zake walivyofanya juu ya mti: wameonja, imetosha, twende mbele.

Sababu ya pili ni hofu. Kitu kigeni porini chaweza kuwa na sumu. Kasuku mwenye akili hakili mpaka amemwona mwenzake anakila. Na akili anayo. Huko Marekani mwanamke mwenye elimu, Irene Pepperberg, alimfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, tangu mwaka 1977 mpaka ndege yule alipokufa mwaka 2007. Alex alijua kutaja vitu, rangi na hesabu ndogo. Akiomba kitu fulani, naye akapewa kingine, alikikataa na kuomba tena kile alichokitaja. Hata tofaa alilitungia jina lake mwenyewe, «banerry». Basi tusidhani kwamba ndege anayekataa hajui atakalo. Ana kitu kichwani, nasi hatukijui bado.

Sababu ya tatu ni mazoea. Mwenye kuzoea karanga na sukari huona majani hayana ladha. Hapo ndege hana tofauti na sisi. Lakini mazoea haya yana mwisho mbaya. Karanga zina mafuta mengi na chokaa kidogo. Daktari alinieleza kwamba kasuku wa kijivu kuliko kasuku wengine hupatwa upesi na upungufu wa chokaa katika damu: hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hushikwa na degedege. Na anayekula mbegu kavu tu hukosa vitamini A; kinywa na pua huharibika, pumzi huwa nzito. Mambo hayo hayaonekani kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana mtu husema, «Wangu amekula karanga maisha yake yote, hana neno,» mpaka siku anapomkuta chini.

Basi tulifanyaje? Kwanza tulilihamisha tundu. Lilikuwa chumbani, tukaliweka barazani mahali tunapokula, lenye kivuli upande mmoja na jua la asubuhi upande wa pili. Jua lina kazi yake: huusaidia mwili kufanya vitamini D, na pasipo hiyo chokaa haitumiki vizuri. Lakini kwa Karani jambo kubwa lilikuwa kuona watu wanakula.

Siku ya tatu barazani, uzito wake ukiwa gramu 402, binti yetu alikaa chini ya tundu anakula ngazi zilizochemshwa. Alikuwa ananyonya nyama yake na kutema kokwa, mikono yote myekundu. Karani akashuka kijiti kimoja, kisha cha pili. Akainamisha kichwa. Binti akanitazama, nikamwashiria aendelee bila kusema neno. Akatafuna, akafanya «mm, mm», kisha akainua ngazi moja kwenye vyuma. Karani akaichukua kwa mguu, akaigeuza, akaichubua mpaka kokwa likabaki tupu. Akaomba nyingine. Alikula nne. Asubuhi yake mizani ilisema gramu 405, nasi nyumba nzima tukafurahi kama watu waliopata mshahara.

Wiki mbili alikula ngazi kila siku. Kisha, msomaji mwenzangu, akazikataa! Lakini sasa hatukuogopa, kwa maana alikuwa amejifunza kula machoni petu, na sisi tulikuwa tumejifunza njia. Njia yenyewe ni hii.

Asubuhi na mapema, njaa yake ikiwa kali, twampa kitu kipya au kile alichokikataa jana. Kinakaa saa moja. Hatumsihi, hatumsogelei kila mara. Twakaa karibu nasi twala. Saa ikipita twaondoa, twampa kile tunachojua anakila. Kwa hiyo hakosi kamwe chakula, wala hatushindwi naye. Kitu kikikataliwa mara moja hakifutwi. Hurudi baada ya siku chache kwa sura nyingine. Viazi vitamu vilivyopondwa alivikataa mara saba. Vilipokatwa vipande virefu na kufungwa kwa kamba juu ya tundu, alivipigania kama mchezo, na katika kuvirarua akavimeza. Majani ya matembele katika bakuli hakuyagusa. Yakiwa na matone ya maji, yamening'inizwa, huyaoga kwanza, kisha huyala. Boga lililopikwa halitaki. Bichi, pamoja na mbegu zake, analipenda. Mahindi mabichi yakiwa juu ya gunzi ni furaha. Yaliyopukuchuliwa ni matusi. Kila mara kitu ni kile kile, sura ndiyo inayobadilika.

Watoto walicheka sana siku alipokula pilipili. Walidhani atalia. Akala mbegu zote, akapangusa mdomo wake kijitini, akataka tena. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Kwao ni tunda tu, tena tunda zuri.

Kwa ajili ya chokaa twachukua maganda ya mayai, twayachemsha, twayaanika, twayasaga, na kunyunyiza kidogo juu ya boga au wali wenye tone la mawese. Mawese yetu mekundu ni chakula chema kwake, maana rangi ile nyekundu ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Tone tu, mafuta mengi hunenepesha.

Sasa nije kwa jambo lililokuwa gumu kwangu kuliko ndege mwenyewe.

Jumapili nyingi Mama huvuka mto kwa mtumbwi kuja kutusalimu. Kila alipokuja alibeba mfuko: karanga zenye chumvi, na mkate, naye huomba kikombe cha chai ya sukari, wala si kwa kinywa chake. Karani akimsikia sauti tangu njiani hupiga mbawa na kuita. Mama hukaa kwenye kigoda, huchovya mkate, humlisha kipande kwa kipande. Halafu siku mbili zinazofuata Karani hukataa kila kitu chetu. Nilijua kwamba sukari na chumvi na chai vyamdhuru. Lakini nani atamwambia mama mkubwa wake, mwenye miaka zaidi ya 70, kwamba mkono wake waleta ugonjwa? Siku moja mke wangu aligusia jambo hilo kwa upole. Mama akanyamaza kidogo, akasema, «Wanangu, ndege huyu alikula mkate wangu kabla nyinyi hamjaoana. Hajafa.» Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwetu mkubwa hapingwi mbele ya watoto wake.

Nikafikiri juma zima. Nikaona kwamba kitu anachokingoja Karani Jumapili si mkate. Mkate kama ule tulimpa sisi katika siku za kwanza, na chai ile ile, akaukataa. Alichokingoja ni mkono. Basi Jumapili iliyofuata, kabla Mama hajafungua mfuko wake, nilimletea sahani yenye papai nikasema, «Mama, twaomba msaada wako. Papai hili analikataa kwetu wiki nzima. Pengine wewe utaweza.» Akalitazama. «Papai? Hakulipenda kamwe.» Nikasema, «Jaribu, Mama.» Akakata kipande kidogo, akakiuma yeye kwanza, akamwambia ndege maneno yao ya zamani ambayo sitayaandika hapa. Karani akalichukua lile papai katika vidole vyake, akalila lote, na mbegu, akajipaka mdomo wote. Mama akacheka hata machozi. Akatugeukia akasema, «Mnaona? Hamjui kumlisha.»

Tulikubali kwamba hatujui. Na Jumapili baada ya ile, mfuko wake ulikuwa na boga la shamba la mwanawe na mashina mawili ya matembele. Chai aliinywa yeye mwenyewe. Hata leo hatujapata kusema neno la mkate tena, wala hapana aliyeaibishwa. Kila kitu kigeni tunachotaka Karani akijue, twakiweka mpaka Jumapili, kipite kwanza mkononi mwa Mama. Hushinda mara nyingi, ingawa si zote: embe la mwaka jana hata kwake alilikataa, akamtupia magotini.

Kabla sijamaliza yanibidi kuwaonya wale walio na kasuku wa zamani nyumbani. Chagueni ninyi yatakayokuwa sahanini. Yeye na achague kati ya hayo. Lakini yako mambo ambayo hata akilia hapewi. Avoka ni sumu kwa ndege. Msimpe hata kipande. Pombe, kahawa na chokoleti ni vivyo hivyo hatari. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu. Sisi huyatwanga na kuyapika muda mrefu, na ndege asiyapate mabichi. Maharagi yapikwe mpaka yaive kabisa. Karanga zenye ukungu zitupwe mbali, zisipewe kuku wala kasuku wala mtu, kwa kuwa ukungu ule huleta sumu inayoharibu ini. Karanga safi, mbili tatu kwa siku, zisizo na chumvi, zatosha. Sisi humpa kama zawadi anapoingia tunduni jioni bila kuuma mtu.

Tena jifunzeni kutenga kuchagua na kuugua. Anayechagua hutupa boga akaita mahindi. Macho yake yang'aa, asema, arukaruka. Anayeugua hataki hata kile akipendacho kuliko vyote. Huvimbisha manyoya, hulala mchana, mkia wake hupanda na kushuka akivuta pumzi, na mavi yake hubadilika rangi na wingi. Huyo msimngojee mpaka kesho. Mtafutieni mtu mwenye elimu ya nyama siku ile ile.

Na mwenye kusoma haya asiende kutafuta kasuku. Ndege hawa wamekamatwa kwa wingi katika misitu yetu, wengi wakafa tunduni na njiani kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa huko Johannesburg, iliamuliwa kwamba biashara ya kasuku wa kijivu wa porini kati ya nchi na nchi ikome, na tangu Januari 2017 amri hiyo inatumika. Mwaka ule ule wa 2016 kasuku huyu alihesabiwa kati ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Akija mtu mlangoni na kinda ndani ya kikapu, msimnunue hata kwa huruma, maana kununua mmoja ni kuagiza wa pili. Peni habari kwa wakubwa wanaosimamia nyama wa pori. Karani wetu ni wa zamani; mahali pake pazuri palikuwa juu ya mti wa ngazi pamoja na wenzake, na sisi twajaribu tu kumpa kundi dogo badala ya lile kubwa.

Leo asubuhi mizani ya jirani imesema gramu 438. Ngazi anazila tena tangu juzi. Viazi vitamu amevikataa, hata vya kuning'inizwa, na binti yetu ameviandika katika daftari lake ili virudi baada ya siku nne, vikatwe mviringo. Papai limewekwa mpaka Jumapili. Basi, ndugu wasomaji, yule mwenye ndege wa namna hii asikate tamaa wala asimkasirikie. Keti karibu naye na sahani yako, ule machoni pake, na umpe muda.